Mwalimu Pia Huchoka: Jinsi Shule Zinavyoweza Kulinda Afya ya Akili ya Walimu Wao

Mwezi wa Oktoba una siku mbili zinazokaribiana. Tarehe 5 dunia huadhimisha Siku ya Walimu, na tarehe 10 ni Siku ya Afya ya Akili. Katika siku ya kwanza tunamshukuru mwalimu kwa kazi yake. Katika siku ya pili ni nadra kumkumbuka, ingawa ndiye anayekaa na watoto wetu tangu asubuhi, siku tano kwa wiki. Makala haya yanawaeleza wakaazi wa Kaunti ya Kilifi kwa nini afya ya akili ya mwalimu ni jambo la mahali pa kazi, mpango wa afya kazini unavyoweza kuendeshwa katika shule ya kawaida, na wajibu wa mwalimu mkuu, bodi, serikali ya kaunti na mzazi.

Jambo la msingi ni hili: semina peke yake haiwezi kumtua mwalimu mzigo ikiwa kinachomlemea kinamngoja tena kesho asubuhi. Shule inayotaka kumsaidia mwalimu huanza kwa kuitazama kazi yenyewe.

Kinachomlemea mwalimu

Wengi wetu tunaona saa za darasani tu. Nyuma ya saa hizo kuna kazi nyingine. Mwalimu huandaa masomo, husahihisha madaftari, hujaza fomu za tathmini yake mwenyewe za TPAD, na huweka alama za wanafunzi kwenye tovuti ya KNEC, mara nyingi kwa simu yake na kwa bando alilonunua mwenyewe. Tangu Januari 2023, shule nyingi za msingi zina pia wanafunzi wa Sekondari Msingi katika uwanja huohuo. Masomo yao ni tisa. Pale walimu wanapokuwa wachache, mmoja hujikuta akifundisha hata somo ambalo hakulisomea chuoni.

Kuna pia mizigo isiyoandikwa kwenye ratiba. Ukame unapopiga Ganze na Magarini, mwalimu ndiye wa kwanza kuona mtoto anayesinzia kwa njaa. Mto Sabaki unapofurika, ndiye anayehesabu waliobaki darasani. Msichana akipata ujauzito au mtoto akidhulumiwa nyumbani, mara nyingi humweleza mwalimu kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu huyo huripoti, hufuatilia, kisha hurudi darasani kufundisha kama kwamba hakusikia kitu. Hadithi hizo hubaki naye usiku.

Kwa mwalimu wa chekechea, mzigo una sura nyingine. Anaweza kuwa peke yake na watoto wa umri wa miaka minne na mitano katika chumba kimoja, na hawezi kutoka hata kwenda chooni bila kumwomba mtu amwangalizie darasa. Mwalimu anayepangwa shule ya mbali na kwao ana upweke wa kuishi mbali na jamaa. Na wapo wanaoandamwa na mikopo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, lakini mikopo ya simu haionekani kwenye hati ya malipo.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alieleza jambo ambalo walimu wengi watalitambua. Kazi humwumiza mtu zaidi pale inapodai mengi huku ikimpa nafasi ndogo ya kuamua. Tuseme mwalimu ana wanafunzi sitini lakini amepewa nafasi ya kupanga namna ya kusahihisha madaftari yao. Huyo atachoka, ila atamudu. Mwingine ana wanafunzi haohao sitini, na Ijumaa jioni anapokea ujumbe kwamba ripoti mpya inatakiwa Jumamosi asubuhi. Huyu wa pili ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa hiyo, hata pale shule isipoweza kupunguza idadi ya wanafunzi, inaweza kumpa mwalimu taarifa mapema na sauti katika maamuzi.

Msongo, uchovu wa kikazi na ugonjwa

Maneno haya huchanganywa, na kuchanganywa kwake huwafanya watu waogope kusema.

Msongo wa mawazo ni hali ya muda. Mwalimu hukosa usingizi juma la mitihani, kisha mitihani ikiisha anarudi kuwa sawa. Huu ni sehemu ya maisha.

Uchovu wa kikazi ni zaidi ya hapo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake ya kimataifa ya uainishaji wa magonjwa, likifafanua kwamba wenyewe si ugonjwa. Ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Una alama tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi na kuiona haina maana, na kuhisi kwamba hakuna unalolifanya likafaulu. Mwalimu aliyekuwa akiwajua wanafunzi wote kwa majina, na sasa hajali nani yupo na nani hayupo, huenda amefika hapo. Akiitwa mvivu, atazidi kujitenga.

Ugonjwa, kama vile mfadhaiko mkubwa au wasiwasi uliopitiliza, unahitaji mhudumu wa afya. Dalili za mfadhaiko zikiwapo karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, mtu asingoje zipite zenyewe. Hali hizi zinatibika, na wengi hupata nafuu kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 asilimia 15 ya watu wazima wa umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo la afya ya akili. Huo ni wastani wa dunia nzima, wala si hesabu ya Kilifi. Hata hivyo unatusaidia kufikiri: katika shule yenye walimu 20, ni sawa na watatu. Shirika hilo pia linakadiria kwamba mfadhaiko na wasiwasi hupoteza siku bilioni 12 za kazi duniani kila mwaka.

Kwa nini jambo hili linamhusu mtoto wako

Mwalimu aliyelemewa huanza kukosa shule siku moja moja. Anapokuwapo, huandika ubaoni na kukaa. Hasira huwa karibu. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalikazia katazo hilo, lakini mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu wake ni rahisi kusahau sheria. Hakuna anayehalalisha kumpiga mtoto. Tunachosema ni kwamba shule inayowalinda walimu wake inawalinda wanafunzi pia. Mtoto mdogo husoma uso wa mwalimu kabla hajajua kusoma kitabu.

Mpango wa afya kazini ni kitu gani?

Siku moja ya michezo kati ya walimu wa shule mbili ni jambo zuri, ila siyo mpango. Vivyo hivyo mhadhara wa saa mbili kuhusu afya ya akili. Mnamo Septemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo kuhusu afya ya akili kazini, na pamoja na Shirika la Kazi Duniani likaeleza namna ya kuitekeleza. Kwa lugha nyepesi, mpango kamili una matabaka matatu.

Tabaka la kwanza ni kuzuia: kuondoa au kupunguza kitu chenyewe kinachomwumiza mfanyakazi, kama vile ratiba isiyo na nafasi ya kupumua, matusi, dhuluma za kingono, au majukumu yasiyo na mipaka.

Tabaka la pili ni kulinda: kuwafunza viongozi kutambua mapema mfanyakazi aliyelemewa na kuzungumza naye, na kuwapa wafanyakazi ujuzi wa kukabiliana na msongo.

Tabaka la tatu ni kusaidia: kumfikisha aliyeugua kwenye matibabu, kumpa nafasi ya kupona, na kumpokea vizuri anaporudi.

Shule nyingi huanza na tabaka la pili na kuishia hapo, kwa kuwa ndilo jepesi: unamwita mtaalamu, anazungumza, mnapiga picha. Je, hilo linatosha? Watafiti wa Uingereza walilipima katika shule 25 za sekondari za England na Wales. Katika baadhi ya shule hizo, kikundi cha wafanyakazi kilipewa mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, kisha kikaanzisha huduma ya siri ya kuwasaidia wenzao. Baada ya miaka miwili, ustawi wa walimu wa shule hizo haukuwa bora kuliko wa shule ambazo hazikupata mafunzo. Mafunzo hayakuwa mabaya, na msaada wa mwenzako una thamani yake. Lakini matokeo hayo yanaonya: ukimfunza mtu kubeba mzigo na usiuguse mzigo wenyewe, usishangae akibaki amelemewa.

Hatua sita kwa muhula mmoja

Shule haihitaji jengo jipya ili kuanza. Hatua zifuatazo zinaweza kufanywa na shule ya msingi, chekechea au chuo cha ufundi.

1. Sikilizeni kwanza. Wiki ya kwanza ya muhula, kila mfanyakazi ajibu maswali matatu kwenye karatasi isiyo na jina: Ni kitu gani kazini kinachokuchosha zaidi? Ni kitu gani kinachokupa nguvu? Ni badiliko gani moja dogo lingekusaidia muhula huu? Karatasi ziwekwe katika kisanduku, na zisomwe na watu wawili waliochaguliwa na walimu wenyewe. Wapishi, mabawabu na makarani wasisahauliwe.

2. Chagueni mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wa shule. Shule haiwezi kuajiri walimu wapya kesho, lakini inaweza kukubaliana kwamba ujumbe wa kikazi kwenye kundi la WhatsApp usitumwe baada ya saa moja usiku isipokuwa kwa dharura. Inaweza kugawa upya zamu ili mwalimu yuleyule asiwe mwalimu wa zamu wiki mbili mfululizo, au kutangaza tarehe za ripoti zote mwanzoni mwa muhula. Mambo mawili yaliyotekelezwa yana uzito kuliko kumi yaliyoandikwa kwenye daftari la kumbukumbu za mkutano.

3. Tengenezeni mahali pa kupumulia. Mwalimu anahitaji maji safi ya kunywa, choo kinachofungika, na kiti kivulini. Pale ambapo chumba cha walimu kimejaa madaftari na magunia ya mahindi ya wanafunzi, mwembe na mabenchi mawili yanaweza kuwa mwanzo. Kwa mwalimu wa chekechea, pangeni mtu wa kumshikia darasa kwa dakika kumi na tano kila asubuhi.

4. Chagueni wenzi wa kuzungumza nao. Walimu wachague wenzao wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, wanaojulikana kwa kutunza siri. Kazi yao ni kusikiliza na kuelekeza. Hawatibu, hawatoi hukumu, na hawapeleki habari kwa mwalimu mkuu. Siri ina mpaka mmoja: uhai wa mtu au usalama wa mtoto ukiwa hatarini, lazima msaada utafutwe mara moja.

5. Jiungeni na kituo cha afya kilicho karibu. Mwombeni muuguzi au afisa wa kliniki atembelee shule mara moja kila muhula. Apime shinikizo la damu na sukari, na katika ziara hiyohiyo azungumze na kila mwalimu faraghani kuhusu usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo. Vipimo hivi vikienda pamoja, hakuna anayeonekana kwamba ameitwa kwa sababu ya akili, na aibu hupungua.

6. Pimeni mwisho wa muhula. Rudieni maswali yaleyale matatu. Angalieni pia daftari la mahudhurio: siku ambazo walimu walikosa kazi zimepungua au zimeongezeka? Mliyoahidi yalifanyika? Kama hayakufanyika, elezeni sababu hadharani, kisha mchague mambo mawili ya muhula unaofuata.

Mwalimu mkuu na neno la kwanza

Mpango wote unaweza kusimama au kuanguka kwa namna mwalimu mkuu anavyoanza mazungumzo. Akisema mbele ya wenzake, "Wewe mwalimu siku hizi una matatizo gani?" mlango umefungwa. Afadhali amwite kando na kusema, "Mwalimu, wiki hizi mbili nimeona umekuwa kimya na umechelewa mara tatu, jambo ambalo si kawaida yako. Uko salama? Kuna kitu hapa kazini tunachoweza kukibadilisha?" Maneno haya yanataja kinachoonekana, hayataji ugonjwa, na yanaanza na kazi.

Baada ya hapo, mwalimu mkuu asijifanye daktari. Asikilize, akubaliane na mwalimu juu ya badiliko moja la muda, kwa mfano kumpunguzia zamu kwa majuma matatu, na amwelekeze kwenye kituo cha afya. Mwalimu anaporudi kutoka likizo ya ugonjwa, asipewe siku ya kwanza rundo lote lililolimbikizwa. Aanze na vipindi vichache, na wenzake waambiwe tu kwamba alikuwa likizo.

Tusisahau kwamba mwalimu mkuu mwenyewe ni mwalimu. Wazazi wanamjia, bodi inamjia, maafisa wanamjia, na mara nyingi hana wa kumwambia. Walimu wakuu wa wadi moja wanaweza kukutana mara moja kwa muhula, bila ajenda ya matokeo ya mitihani, ili kubadilishana mawazo.

Nafasi ya serikali ya kaunti

Wakaazi huuliza: walimu si wa TSC? Jibu ni kwamba kazi hii imegawanywa. Walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Lakini chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti. Kwa walimu wa chekechea na wakufunzi wa vyuo hivyo, kaunti ni mwajiri, na ina wajibu wote wa mwajiri.

Jedwali hilohilo linaipa kaunti jukumu la vituo vya afya. Kwa hiyo mwalimu yeyote, awe wa TSC, wa kaunti au wa shule ya kibinafsi, anapougua huja kwenye zahanati na hospitali ambazo kaunti inaziendesha. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanazitaka serikali za kaunti kutoa huduma za afya ya akili kwa wakaazi wake. Huduma hizo zisiishie mijini. Mwalimu wa Bamba au Marafa asilazimike kupoteza siku nzima na nauli kubwa ili azungumze na mtu kwa nusu saa.

Hapa ndipo sauti ya mkaazi inapohitajika. Kila mwaka kaunti hutayarisha mpango wa maendeleo na bajeti, na sheria inataka umma uhusishwe. Tangazo la kikao cha maoni ya umma likifika katika wadi yako, nenda. Uliza: Ni vituo vingapi vya wadi hii vyenye mhudumu aliyefunzwa afya ya akili? Dawa zake zipo? Kuna bajeti ya kuwafunza walimu wa chekechea na wasimamizi wao? Swali lililoandikwa katika kumbukumbu za kikao hudai jibu.

Sheria inasema nini

Walimu wengi hunyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi au heshima. Ni vyema kujua haki zilizopo.

Ibara ya 27 ya Katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya hali yake ya afya. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka anayesimamia mahali pa kazi kuhakikisha usalama, afya na ustawi wa wote wanaofanya kazi hapo. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Shule yenye idadi hiyo inaweza kuipa kamati hiyo mambo ya afya ya akili bila kuunda kamati nyingine.

Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia dhuluma za kingono kazini. Kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini likizo ya ugonjwa kwa cheti cha mhudumu wa afya anayetambulika: angalau siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini. Masharti ya mwajiri wako yanaweza kukupa zaidi, kwa hiyo yasome.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Cheti cha hospitali cha mwalimu si cha kuachwa juu ya meza ya ofisi wala kupigwa picha na kusambazwa.

Na mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Mtu aliyefika hapo anahitaji matibabu na watu wa kukaa naye.

Mzazi afanye nini?

Mzazi ana uwezo mkubwa wa kupunguza au kuongeza mzigo wa mwalimu. Ukiwa na lalamiko, lipeleke ofisini kwa utaratibu. Kumfokea mwalimu mbele ya watoto humvunja yeye, na pia humfunza mtoto kumdharau. Usimpigie simu usiku kuuliza madaftari. Katika mkutano wa wazazi, waulizeni walimu hali yao kabla ya kuuliza alama. Ikiwa wewe ni mwanachama wa bodi ya usimamizi, omba afya ya wafanyakazi iwe ajenda ya kila muhula, kama vile fedha na majengo. Na mwalimu akifanya jema, mwambie. Shukrani haigharimu kitu.

Dalili za kuangalia na mahali pa kwenda

Jiangalie mwenyewe, na umwangalie mwenzako. Dalili ni pamoja na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula, kuumwa kichwa au mgongo mara kwa mara bila sababu kupatikana, kulia au kukasirika kwa jambo dogo, kujitenga na wenzako, kunywa pombe au kutafuna miraa zaidi ya zamani, kukosa kazi, na kusema maneno kama "bora nisingekuwapo". Maneno ya mwisho hayo yasichukuliwe kuwa mzaha. Muulize mtu waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali iliyo karibu.

Kwa msaada usio wa dharura, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akuelekeze. Hali ikihitaji mtaalamu, utaandikiwa rufaa hadi hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kilifi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapokea simu bila malipo kupitia nambari 1199, na unaweza kuzungumza na mshauri. Anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani anaweza kupiga 1195, pia bila malipo. Viongozi wa dini ni nguzo kwa wengi wetu, na maombi hayazuii matibabu: nendeni kwa vyote viwili.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, nikimwona mshauri nasaha itaandikwa kwenye faili langu la kazi? Mazungumzo yako na mhudumu wa afya ni siri. Mwajiri anaweza kuhitaji cheti kinachothibitisha siku za mapumziko. Hahitaji kujua uliyoyasema ndani.

Shule yetu ina walimu watatu tu. Mpango utafaa? Ndiyo. Shule ndogo inaweza kuungana na jirani zake kwa ziara ya muuguzi na kwa wenzi wa kuzungumza nao. Maswali matatu na mambo mawili ya kubadilisha hayahitaji idadi kubwa.

Je, hii si njia ya walimu kukwepa kazi? Mwalimu anayepewa tarehe za ripoti mapema huzitimiza. Mwalimu aliyepumzishwa majuma mawili na akapona hufundisha miaka mingine mingi. Anayekosa siku zote mbili za mwisho wa wiki bila kueleza, kwa sababu anaogopa kusema, ndiye anayeigharimu shule zaidi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walimu wetu hawatafichua kinachowaumiza mpaka waone ni salama kufanya hivyo. Muhula ujao utakapofunguliwa, mwalimu mkuu, bodi na wazazi wa kila shule wanaweza kuanza na kisanduku kimoja na karatasi zisizo na majina. Zikishasomwa, kazi ya kweli ni kutekeleza mambo mawili mliyoyachagua.